Tangu bibi yao atengeneze kile kititia

Jana saa sita usiku nilikuwa bado nimekaa sakafuni sebuleni nakata matairi ya gari la kuchezea la mwanangu. Ndala moja ya baba watoto, ile ya bluu iliyokatika mkanda, inatoa matairi sita bila kubanana, unachukua kifuniko cha dumu la mafuta ya kula la lita tano unakiweka juu yake unazungushia peni, halafu unakata pole pole na kisu kikali, siyo mkasi, mkasi unaacha meno meno na tairi likiwa na meno gari linaruka ruka. Mume wangu alitoka chumbani kunywa maji akaniangalia akasema "mke wangu, kesho si kazini?" nikamwambia namalizia hili moja. Yalikuwa yamebaki manne.

Ngoja niwaeleze ilivyoanza, maana walionijua miaka ya nyuma hawataamini. Mimi nilikuwa mzazi wa kununua. Mwisho wa mwezi nikipita mjini lazima nirudi na kitu kwenye mfuko, na watoto walishazoea, nikiingia getini hawaangalii uso wanaangalia mkono.

Desemba, likizo ndefu, mama yangu akaja kutusalimia hapa Kigamboni akitokea Pangani, na kapu lake la ukindu limejaa nazi, mabungo, na fungu la katani amelifunga kama nywele. Siku ya tatu umeme ukakatika asubuhi na mpaka saa nane haujarudi, tableti imezima, na lile gari la rimoti nililomnunulia bwana mdogo (ana miaka mitano) lilikuwa limekufa tangu jana yake. Lilikaa siku mbili tu. Yeye analia, dada yake anamzomea, baba yao amejaribu kulifungua akakuta skrubu zenyewe hazina bisibisi humu ndani, na hata ungelifungua ungeona nini zaidi ya waya nyembamba kama uzi. Nikawa nimeshika kichwa.

Mama hakusema neno. Akatoka, kwa jirani yetu kuna mnazi wa kitamli ile mifupi, akaomba kuti moja, akarudi akatandika mkeka barazani akakaa akakunjua miguu. Akachana ukuti, akatoa ule uti wa katikati akauweka pembeni, akakata vipande vinne sawasawa, akakunja kimoja juu ya kingine akapitisha huku akavuta kule, ghafla katikati pamekaza pamekuwa kama kitufe cha mraba na pembeni zimetoka mbawa nne. Akatoboa katikati akapitisha ule uti, yaani chelewa, akafunga fundo dogo mwishoni kisichomoke. Haikufika dakika tano. Akampa mjukuu wake akamwambia kimbia nacho.

Alikimbia mpaka getini na kurudi, mbawa zinazunguka hazionekani. "Bibi, pangaboi!" Mama akamwambia, "Siyo pangaboi baba, hiki kititia."

Kititia! Jamani neno hilo sikuwa nimelisikia kwa zaidi ya miaka ishirini, na mimi mtoto wa Pangani kabisa. Nilipelekwa bweni mapema nikakulia huko, kititia nilikiona mikononi mwa wenzangu ila kukifunga sikuwahi kujifunza. Basi nikakaa pale chini kwenye mkeka na nguo za kazini, nikamwambia mama nifundishe. Nilikifumua cha kwake mara tatu ndiyo nikaelewa ule mpishano unaendaje, na cha kwangu cha kwanza kilipozunguka, sijui niseme vipi, furaha niliyoipata siku ile sikuwahi kuipata dukani hata siku moja.

Lakini kilichonikaa rohoni siyo siku ile, ni kesho yake. Ukuti ukikauka unasinyaa, fundo likalegea, kititia kikaachana mbawa. Nikajiandaa kwa kilio. Bwana mdogo akakiokota, akakigeuza, akaenda kwa bibi yake akamwambia "bibi kimekauka, tutengeneze kingine". Basi. Mtoto yule yule aliyelilia gari la rimoti siku nzima! Nikamwelewa. Lile gari hakuliona linavyozaliwa, likifa limekufa na hakuna mtu humu ndani mwenye uwezo nalo, mimi wala baba yake. Kititia alikiona kikitokea kwenye jani, kwa hiyo anajua jani likiwepo kititia kipo.

Toka siku hiyo sijatulia.

Tulianza na mdoli wa binti yangu, yeye ana miaka minane. Shuka la kahawia lililochanika likawa mwili, gauni ni vipande vya vitenge ambavyo fundi cherehani wa hapa mtaani alikuwa anavitupa, alinipa mfuko mzima bure. Kumjaza tulitumia sufi ya mto wa zamani. Kama hujawahi kushika sufi, ni laini kuliko pamba na nyepesi sana, ukifungua mto huku feni inazunguka umekwisha, itafika mpaka kwenye sufuria za jikoni, kwa hiyo zima feni, funga dirisha, na ushone kwa mshono mdogo mdogo wa kurudi nyuma maana sufi inatafuta tundu. Macho tulidarizi kwa uzi, vifungo nilivikataa kwa sababu mdogo wangu huwa anakuja na mwanae wa mwaka mmoja na mtoto wa umri ule kila kitu kinaenda mdomoni, kifungo kikimkwama kooni ni balaa. Nywele ni uzi mweusi wa kufumia, nyingi, nilizishona mstari kwa mstari kichwa kizima ili ziweze kusukika. Hiyo kazi peke yake ilikula jioni mbili.

Binti akamsuka. Kwanza mabutu, akafumua, akamsuka twende kilioni, halafu akaenda kuchukua mafuta ya nazi akampaka kwenye mistari kama mimi ninavyompaka yeye Jumapili jioni, amembana katikati ya magoti, anamwambia "tulia, inamisha kichwa". Mafuta yakaingia kwenye kitambaa. Mdoli mpaka leo ana doa kubwa pale utosini na sitaki litoke.

Ukandaji sitauongelea sana, ule unga wa kuchezea, ni rahisi: vikombe viwili vya unga wa ngano, kimoja cha chumvi, vijiko viwili vya mafuta, maji kidogo kidogo mpaka ushikane usigande mkononi. Manjano ya kupikia inatoa rangi ya njano nzuri sana. Ila msimuache mtoto mdogo aule, chumvi ni nyingi mno, na kwa sisi wa pwani msitegemee sanamu zake zikae, chumvi inavuta unyevu wa hewa, tembo wetu alikauka juani vizuri tu akaingia kabatini akiwa mgumu, baada ya wiki tukamkuta amelegea miguu.

Mpira ndiyo ulinifanya nikae na mama mpaka usiku tunaongea. Enzi zetu mpira wa chandimu ulikuwa wa makaratasi na mifuko ya rambo, unasokota unafunga kamba, na mifuko ilikuwa kila mahali. Sasa rambo zimepigwa marufuku tangu tarehe 1 Juni 2019, na mimi naunga mkono kabisa maana mitaro ya hapa ilikuwa imejaa, lakini bwana mdogo akitaka mpira unaanzia wapi? Mama akaleta lile fungu lake la katani. Ndani tukaweka vipande vya godoro na soksi zisizo na wenzake, juu tukazungushia vitambaa, halafu mama akasokota katani kwenye paja lake, yaani anaweka nyuzi mbili juu ya paja anazisukuma na kiganja kwenda mbele zinajipinda, anazirudisha zinashikana zinakuwa kamba. Akaufunga mpira wote kama wavu. Unadunda kidogo, haupasuki, na ukilowa unaanika.

Huku anasokota akawa ananisimulia habari za mashamba ya mkonge, huo unaotoa katani, ambako baba yake alifanya kazi. Mnajua mkonge wa nchi hii ulianzia kule kule kwetu? Ulitoka Florida, Marekani, mwaka 1893, ukaletwa na Mjerumani mmoja anaitwa Hindorf, iliyofika hai ilikuwa miche 62 tu, ikapandwa Kikogwe pale Pangani. Mimi nilisoma hayo shuleni nikafaulu mtihani nikasahau. Wanangu watayakumbuka kwa sababu ya mpira.

Haya, gari la waya. Hili ndilo limeninyima usingizi. Nilinunua nusu kilo ya bainding waya, ile laini mafundi wanayofungia nondo, nikaazima plaizi, nikakunja bodi nikajiona nimeweza. Gari likawa halikati kona. Ukizungusha usukani linaburuta matairi ya mbele kama limekwama kwenye mchanga, na tena linachechemea. Nikalibeba mpaka kijiweni kwa vijana wa bodaboda, nikamwambia yule mmoja anayenipelekaga kazini, kaka naomba uniangalizie hili. Akalishika akalicheka kidogo kwa heshima, akaniambia "dada umeifunga ekseli ya mbele". Kumbe ekseli ya mbele haifungwi kwenye chesisi kama ya nyuma! Inashikwa katikati tu, kwa kitanzi kimoja kilicholegea, ili iweze kugeuka kushoto na kulia, halafu ule waya mrefu wa usukani unafungwa hapo hapo kwenye ekseli unapanda juu mpaka kifuani kwa mtoto, ndiyo maana anaweza kuendesha amesimama anakimbia. Alikunja kile kitanzi mbele yangu abiria wanamsubiri. Nilimshukuru sana.

Kuchechemea kulitokana na tundu la tairi kutokuwa katikati, na dawa yake aliipata binti yangu. Nilikuwa nakisia kwa macho natoboa na msumari wa moto kila mara naharibu. Yeye akachora duara lile lile la kifuniko kwenye karatasi, akalikata, akalikunja mara mbili likawa robo, akaniambia "mama, ile ncha ndiyo katikati". Akalikunjua, mikunjo miwili imepishana, akaliweka juu ya tairi akatoboa pale pale kwenye msalaba. Gari likaenda kama linateleza. Nilimkumbatia mpaka akaniambia namuumiza.

Januari tulifanya mashua. Nilikuwa nimewaonyesha kwenye simu ile dau ya Lamu inayoitwa Flipflopi, imejengwa kwa taka za plastiki na kuvalishwa ndala kama elfu 30 zilizookotwa, rangi tupu, na mwaka 2019 ilisafiri kwa tanga kutoka Lamu mpaka Zanzibar na upepo wa kaskazi. Bwana mdogo akauliza "ndala kama hizi?" Basi tukaenda ufukweni asubuhi ya Jumamosi, na ndala ufukweni hazikosekani, bahari inaleta za upande mmoja tu sijui wenzake zinabaki wapi. Tukachonga, tanga ni mfuko wa unga wa sembe, mlingoti chelewa tatu zimefungwa pamoja. Ya kwanza ikapinduka papo hapo. Mzee mmoja mvuvi alikuwa anashona nyavu karibu, tukamwamkia, akawaambia wanangu waiangalie ngalawa yake, zile mbao za pembeni mnazionaje, ndizo zinazoishika isilale. Wakaenda wakaiangalia kweli, wakaigusa. Wakafunga vijiti viwili vya kupita na vipande vya ndala huku na huku, wakairudisha majini na kaskazi ikaishika tanga, na sisi wote watatu tukaanza kupiga kelele.

Ilienda mbali mpaka mimi nikaingia kuifuata na sketi.

Sitaki mfikiri ni kila siku. Kuna siku narudi nimechoka hata mkasi siuoni, na vitu vya dukani bado tunavyo. Ila boksi tupu silitupi tena kabla sijaliangalia, na watoto wakisikia nimevua viatu wanauliza "leo tunatengeneza nini?" na mikono yangu haiangaliwi tena, nayo ndiyo furaha yangu kubwa mwaka huu.

Sasa yale matairi ya jana. Bwana mdogo ametaka basi la mwendokasi, lile refu lenye kiungo katikati linalokunja kona kama jongoo. Nilimpeleka Kimara makusudi tukalipanda tukashuka tukakaa kituoni tukayahesabu matairi, ekseli tatu, mbili za behewa la mbele na moja ya nyuma. Bodi nimeshakunja zote mbili. Shida ni pale kwenye kiungo, nikiunganisha kwa waya mtupu behewa la nyuma linajipinda linalala ubavu. Leo mchana nikiwa kazini likanijia wazo: tyubu ya baiskeli. Nikate kipande, nikivishe bodi zote mbili kama soksi nikaze kwa waya pembeni, mpira utakunja na utarudisha wenyewe. Nimempigia mama akasema na katani nipitishe chini isikatike, fundi baiskeli wa sokoni ameniwekea tyubu mbovu mbili, naenda kuzichukua saa hizi kabla hajafunga.