Santorini Ambayo Sijaikanyaga

Santorini, kisiwa cha Ugiriki, naijua kwa macho tu. Niliiona kutoka baharini kiangazi kimoja, nyumba zake nyeupe zimejipanga juu ya ukingo wa majabali, nikaiona tena kiangazi kilichofuata nikiwa kwenye meli nyingine, na safari zote mbili upepo ukatukatalia kushuka. Balaa lilikuwa lile lile. Kilichotofautiana ni namna kila meli ilivyotuchukua siku hiyo, na tangu hapo mtu akiniuliza kwa nini kampuni moja ya meli za kitalii ina hadhi na nyingine haina, simwelezi habari za marumaru wala shampeni. Namsimulia Santorini.

Kisiwa hicho ni ukingo wa volkano iliyolipuka na katikati yake kuzama. Meli huingia humo ndani, kwenye maji yenye kina cha mamia ya mita, na meli kubwa za kitalii hazifungwi gatini. Nyingi hujishikilia kwa injini zake huku boti ndogo zikiwapeleka abiria kwenye bandari ya zamani. Kutoka hapo mtu hupanda hadi mji wa Fira kwa kibanda kinachoning'inia kwenye waya, au kwa punda, au kwa miguu yake mwenyewe, ngazi zaidi ya mia tano. Julai na Agosti huvuma upepo wa kaskazini ambao Wagiriki huuita meltemi, na ukishika hauachi upesi. Mawimbi yakizidi kidogo tu, boti haitulii kwenye mlango wa meli, na mzee aliyetanguliza mguu mmoja anaweza kuvunjika nyonga. Nahodha akisema hapana, amesema haki. Sina ugomvi na manahodha.

Meli ya kwanza ilikuwa ya zile zinazobeba maelfu. Kabla sijakiona chumba changu nilikuwa nimeshapigwa picha mbele ya pazia lenye mchoro wa usukani, picha ambayo baadaye nilitakiwa kuinunua, na nimeshaulizwa na watu tofauti kama nataka kifurushi cha vinywaji. Kitandani nilikuta karatasi: masaji kwa punguzo, mnada wa picha za kuchora, saa za mkononi, semina ya bure kuhusu maumivu ya mgongo ambayo mwishoni mwake unauziwa soli za viatu. Chakula kilikuwa kingi, na kizuri. Maonyesho ya jioni yalikuwa ya kiwango cha juu kuliko nilivyotarajia. Lakini tangu asubuhi hadi usiku kulikuwa na mtu anayetaka kitu kutoka kwangu.

Siku ya Santorini tuliamka mapema. Tulikaa kwenye ukumbi wa maonyesho tumebandikwa namba vifuani, tukisubiri zamu ya boti. Wa vyumba vya bei kubwa walikuwa wameshaambiwa watatangulia, nasi tukaukubali utaratibu huo. Saa ikapita, na nyingine. Watoto wakaanza kulia. Kisha kipaza sauti kikafunguka, na aliyezungumza hakuwa nahodha bali mkurugenzi wa burudani, kwa sauti ile ile ya kuchangamsha aliyotumia kwenye bingo. Akasema kituo kimefutwa kwa sababu ya hali ya hewa, na habari njema ni kwamba mauzo ya mikufu ya dhahabu yaliyopangwa alasiri sasa yataanza saa nne asubuhi, staha ya tano. Hakuvuta hata pumzi kati ya habari mbaya na mikufu.

Nilikwenda mapokezi. Foleni ilikuwa imefika kwenye ngazi. Nyuma ya meza alikuwa binti mmoja, macho yamemwiva kwa kukosa usingizi, akirudia sentensi moja kwa kila aliyemfikia: tunasikitika kwa usumbufu. Bwana mmoja aliyekuwa mbele yangu alimuuliza upepo una kasi gani. Hakujua. Akamuuliza kama ushuru wa bandari tutarudishiwa. Akapiga simu, ikaita, haikupokelewa, akapiga tena. Nilimwonea huruma zaidi kuliko nilivyojihurumia. Alikuwa amewekwa pale asimame mbele ya hasira za watu bila kupewa neno hata moja la kuwaambia. Fedha za ushuru zilirudi, hilo lazima niliseme. Niliziona kwenye hesabu ya usiku wa mwisho, katikati ya soda na ada ya huduma inayokatwa kwa kila kichwa kila siku, bila mtu kunitamkia.

Siku zilizofuata sizikumbuki vizuri. Rhodes, kisiwa kingine cha Ugiriki, kulikuwa na jua kali.

Mwaka uliofuata nikapanda meli ya abiria mia chache. Bei yake bado inanikera; kwa kiasi kile ningepanda ile kubwa na chenji ikabaki ya kunirudisha nyumbani kwa starehe. Nilitaka kujua wanachouza ni nini hasa, na siku ya kwanza nilidhani ni nafasi tu. Watu wa meli wana hesabu yao ya jambo hili. Huchukua tani za jumla za meli, ambazo licha ya jina hazipimi uzito bali ujazo wa ndani, kwa kanuni za mkataba wa kimataifa wa 1969, kisha wakazigawa kwa idadi ya abiria kila chumba kikilala wawili. Icon of the Seas, iliyoanza safari 2024, ina tani 248,663 na abiria 5,610 kwa hesabu hiyo, yaani kama 44 kwa kila mmoja. Queen Mary 2 inatoa 55 hivi. Seven Seas Explorer ya 2016 haifiki robo ya Icon kwa ukubwa, lakini abiria wake hawazidi 750, na kila mmoja hupata zaidi ya 70. Namba hiyo utaihisi kabla hujaijua: lifti inakuja ukiiita, kiti cha kivulini kipo hata saa sita mchana, na ukipishana na mtu kwenye ujia hakuna anayejibana ukutani.

Ila nafasi peke yake haitoshi. Niliwahi kulala kwenye hoteli zenye kumbi tupu za kutisha na nikajiona mpweke. Kilichonigeuza mawazo ni henga ya nguo.

Usiku wa kwanza bahari ilichafuka kidogo, na henga moja kabatini ikawa inagonga ubao: tak, tak, kila meli ilipoinama. Niliamka, nikakunja karatasi ya ratiba, nikaibana pale, nikalala. Kesho yake jioni karatasi yangu haikuwepo. Badala yake nilikuta kipande cha kitambaa kizito kimekatwa kwa kipimo na kuvishwa kwenye ile fimbo, na henga zote zimefungwa kwa utepe laini. Ratiba yangu ilikuwa imenyooshwa na kuwekwa mezani. Mhudumu wa chumba hakusema lolote tulipoonana, wala hakuacha kadi ya kujisifu. Nilipomshukuru alitabasamu tu akaniuliza kama droo nazo zinapiga kelele.

Niliwaza sana juu ya kitambaa kile. Mkataba wa kimataifa wa kazi za baharini wa 2006 unampa kila baharia angalau saa 10 za kupumzika katika saa 24, na saa 77 katika siku 7, awe kwenye meli ya kifahari au ya mizigo. Kwa hiyo tofauti haikutoka kwenye sheria. Mhudumu wangu wa mwaka wa nyuma alikuwa mtu mwema pia, lakini nilimwona akikimbia na mashuka kifuani, jasho likimtoka, kwa sababu vyumba vyake vilikuwa vingi. Silver Muse, meli ndogo ya kifahari, ina wafanyakazi 411 kwa abiria 596. Icon ina 2,350 kwa wale 5,610. Mhudumu wa meli ndogo ana wasaa wa kujiuliza kwa nini mgeni amekunja karatasi kabatini. Yule wa meli kubwa anaitupa karatasi na kukimbilia mlango unaofuata, na mimi ningekuwa yeye ningefanya vivyo hivyo.

Kisha tukafika Santorini, na upepo ukatufikia pale pale.

Safari hii sauti iliyosikika ilikuwa ya nahodha mwenyewe, taratibu, kama mtu anayezungumza na watu wake sebuleni. Alisema amesubiri saa nzima akitumaini upepo utatulia. Alisema ameteremsha boti moja ikiwa na mabaharia tu, ikagonga ubavu wa meli mara kadhaa, na kwamba hatamweka abiria yeyote ndani yake. Akasema: "Nasikitika. Najua wengi wenu mmekuja kwa ajili ya siku hii." Akanyamaza. Kipaza sauti kikazimwa. Nilibaki na kikombe mkononi nikisubiri tangazo la mikufu, halikuja.

Muda si mrefu akashuka ukumbini na ramani ya bahari ameikunja kwapani. Akaitandaza juu ya meza, akawaonyesha waliotaka kuona upepo unatokea wapi na kwa nini upande wa bandari ndio unaopigwa. Mama mmoja mtu mzima, mwenye bakora, alimsogelea. Alimwambia kwamba safari hii ameiahirisha miaka mingi akimuuguza mumewe, na mumewe hayupo tena, na alitaka walau kukanyaga pale. Nahodha hakumpa maneno ya kumtuliza. Alimuuliza chumba chake kiko upande gani.

"Kulia," akajibu.

"Basi tutaingia tukipita karibu na majabali kwa upande wa kushoto, wale waone. Nikifika mwisho nitaigeuza meli nirudi njia ile ile, upande wako uone. Na staha ya mbele nitaifungua, ukipenda kusimama huko."

Ndivyo ilivyokuwa. Tulikwenda polepole mno, mwendo wa mtu anayetembea. Wahudumu walipita na mablanketi na chai, maana upepo ule huuma hata jua likiwaka. Majabali yalikuwa karibu kiasi cha kuona mistari ya majivu, myekundu juu ya myeusi, na njia ya punda ikipinda na kupinda tena. Tulipofika mwisho meli ikaanza kugeuka. Ilichukua muda. Jua likatuhama usoni likaenda mgongoni, na kwenye roshani za upande wa kulia watu wakaanza kutokea mmoja mmoja. Yule mama alikuwa staha ya mbele, ameshikwa mkono na baharia kijana, bakora imening'inia kwenye reli. Mafuta yanayochomwa kwa mzunguko ule yana gharama. Hakuna aliyetutajia.

Alasiri mhadhiri wa meli alileta mbele mazungumzo yake juu ya Akrotiri, mji wa kale wa Santorini uliofukiwa na majivu ya mlipuko wa volkano miaka zaidi ya 3,500 iliyopita, ambao mwanaakiolojia Spyridon Marinatos alianza kuufukua mwaka 1967. Ukumbi ulijaa. Jioni, chini ya mlango, barua: ushuru wa bandari umerudishwa, fedha za matembezi zimerudishwa, kiasi ni hiki.

Nilikaa roshani usiku ule nikiwaza nyumbani. Mwenyeji mwenye adabu hamwambii mgeni unga umenunuliwa shilingi ngapi, na chakula kikiungua hutoka mwenyewe kuomba radhi, hamtumi mtoto. Sikuwa nimefikiri kwamba mambo hayo hayo yangeweza kupangwa na kampuni, yakaandikiwa bajeti, na bado yakabaki na joto lake.

Kasoro zilikuwepo. Intaneti ilisuasua, matembezi ya nchi kavu yalikuwa ghali kupita kiasi, na ikifika saa nne za usiku hakuna muziki wala mtu baa. Mwenye watoto wadogo atateseka. Kampuni ya Viking hawapokei kabisa abiria wa chini ya miaka 18 kwenye meli zao za baharini, hawana kasino, na hawana chumba kisicho na roshani, na naelewa kwa nini wengi wanawapenda: wamepata hadhi kwa kuondoa vitu. Kampuni kubwa nazo zimejibu kwa kujenga meli ndani ya meli. MSC ilianza na Yacht Club kwenye MSC Fantasia mwaka 2008, Norwegian wana The Haven, sehemu zenye mlango wake, bwawa lake na mgahawa wake. Huenda huduma humo ni nzuri sana. Kwangu ustaarabu unaoishia kwenye mlango wa kadi unapungukiwa na kitu, kwa kuwa yule binti wa mapokezi bado yuko upande wa pili akipiga simu isiyopokelewa.

Sasa naulizia safari ya Mei, kabla meltemi haijashika. Kila wakala ninayezungumza naye namuuliza kituo kikifutwa nani huwatangazia abiria, na mhudumu mmoja hushika vyumba vingapi. Wengi hunijibu kwa idadi ya migahawa. Mmoja aliomba muda, akaenda kumuuliza mtu aliyewahi kufanya kazi kwenye meli anayoiuza, akanipigia siku iliyofuata na majibu yote mawili. Huyo ndiye nimempa malipo ya awali.