Siku Moja na Lenzi Pana Kwenye Kamera ya Mvukuto

Saa kumi alfajiri. Giza la chumbani nalitumia kukagua mvukuto, ile ngozi inayoziba mwanga kati ya lenzi na filamu: natia kurunzi ndani, naupinda taratibu, naangalia pembe zake. Nukta moja ya mwanga ikipenya, filamu itaungua. Mvukuto huu nimeushona mwenyewe, ngozi laini nje na kitambaa cheusi ndani, bila mikunjo. Lenzi yangu pana, ya milimita 90, ikilenga mbali hukaa karibu sana na filamu, na mvukuto wa kawaida ukibanwa hivyo hushupaa. Unapandisha lenzi, wenyewe unairudisha chini. Huu umelegea kama mfuko, na lenzi inakwenda nipendako.

Saa kumi na mbili asubuhi. Mbele yangu uwanda wa mawe, nyuma yake jabali refu. Nasimamisha stendi na kuweka pimamaji juu ya kamera. Kwa lenzi pana siamini jicho langu: kamera ikitazama juu kidogo tu, jabali linaonekana kuanguka kwa nyuma. Kamera inabaki wima, kinachopanda ni lenzi peke yake.

Saa kumi na mbili na nusu. Niko chini ya kitambaa cheusi, picha iko kichwa chini miguu juu kwenye kioo cha nyuma ya kamera. Napandisha lenzi sentimita 3 na kilele kinaingia. Je, kona zimepata mwanga? Pembe za kioo nimezikata makusudi. Nachungulia kwenye pengo la pembe moja, tundu la lenzi likiwa limebanwa hadi f/22, yaani dogo sana: nikiliona lote bila kukatwa ukingo, kona hiyo ni salama. Hakuna kipimo ninachokipenda kuliko hiki.

Sasa mawe. Nayataka makali, yaani yaonekane wazi bila ukungu, kuanzia miguuni pangu hadi mbali, na kubana tundu pekee hakutoshi. Hapa nafuata kanuni ya Theodor Scheimpflug, ofisa wa jeshi la Austria aliyeisajili mwaka 1904: ukiinamisha lenzi, eneo lililo kali nalo hulala. Lenzi iko mita 1.5 kutoka ardhini, kwa hiyo inahitaji kuinama nyuzi 3 na nusu hivi tu. Wengi huinamisha kupita kiasi, hasa waliozoea lenzi ndefu. Naligusa bamba la mbele linaloshika lenzi kwa kidole, naweka lupu, kioo kidogo cha kukuzia, kwenye kioo cha nyuma, nagusa tena. Changarawe za karibu na nyufa za mbali zinakuwa kali kwa pamoja, nami moyo unanidunda kila mara.

Saa mbili asubuhi. Nafunga kichujio cha katikati, kinachopunguza mwanga wa katikati ya picha, kwa kuwa bila hicho kona hupata pungufu ya nusu ya mwanga wa katikati. Kinakula stopu moja na nusu (kila stopu ni kupunguza mwanga kwa nusu). Kwa filamu ya ISO 100 nafikia robo sekunde. Mvukuto laini hushika upepo, basi nasubiri utulie ndipo nafyatua.

Mchana jua ni kali mno. Nakula, napumzika.

Saa kumi jioni. Picha ya wima, mti mmoja mrefu. Kamera ya kitanda, yaani inayokaa juu ya ubao wenye reli, ikisimamishwa hivi na lenzi pana, kitanda chenyewe huingia kwenye picha. Nimekifupisha changu kwa kukata sehemu ya mbele ya reli. Lenzi ndefu hazitoshi tena humo, na sijuti. Kamera hii ni ya kazi moja.

Saa mbili usiku. Nasafisha filamu. Zikikauka nachukua rula na kupima kina cha bamba jipya la lenzi, lile la kuzama ndani, kwa sababu nataka kufunga milimita 65, na kwenye bamba bapa fremu mbili za kamera yangu hazisogeleani kiasi cha kuilenga mbali.