Siku nyepesi ndizo zilizonishinda

Nilipoanza kuwanoa wakimbiaji saba hapa Arusha, daftari langu lilijaa siku ngumu. Jumanne raundi za kasi uwanjani, Alhamisi vilima vya juu ya Ngaramtoni, Jumamosi mbio ndefu. Hizo nilizipangia kila kitu, mpaka sekunde za kupumzika kati ya raundi na raundi. Jumatatu, Jumatano na Ijumaa niliandika neno moja tu: "taratibu".

Jumatano ya kwanza tukatoka tukipiga soga. Kufika kilomita ya tatu soga imekwisha. Mmoja kajitanguliza nusu hatua, mwenzake kamjibu, wa tatu hataki kuachwa. Tulirudi tunahema kama tumetoka uwanjani, na kesho yake vilimani miguu ikawa mizito kama magunia. Katikati ya Januari wawili walikuwa wanachechemea kwa maumivu ya muundi. Mimi nikalaumu viatu.

Kuwakemea hakukusaidia. "Sawa mwalimu," wanasema, na baada ya dakika kumi wameshasahau. Na kwa kweli siwalaumu sana. Alphonce Simbu alipotwaa dhahabu ya marathoni mjini Tokyo mwaka 2025, alimpita Mjerumani Amanal Petros kwa sekunde 0.03. Kijana akishaona umaliziaji ule, umwambie nini kuhusu kukimbia polepole?

Kilichonisaidia ni kuacha kupanga siku nyepesi kwa kilomita, nikaanza kupanga kwa dakika. Tunatoka pamoja kwenye barabara iliyonyooka. Saa ikigonga dakika ya 30, kila mtu anageuka hapo hapo alipo na kurudi. Aliyejitia kasi wakati wa kwenda amejiongezea njia ya kurudi, na ghafla yeye ndiye wa mwisho. Asiye na papara anajikuta mbele bila kumpita mtu. Mbio za kushindana zikakosa maana. Kipimo changu kingine ni mdomo: namsogelea mtu namwomba anisimulie alikula nini jana. Akijibu "ugali" halafu akavuta pumzi, anakimbia kasi kupita kiasi. Nataka nisikie mpaka mboga na aliyeipika.

Siku hizo zilipotulia, siku ngumu zikapona zenyewe. Sikubadilisha mengi, ila Jumanne ya pili ya kila mwezi niliziondoa raundi nikaweka fatleki ya barabarani: dakika moja kasi, moja taratibu, mara 20. Kundi lenye watu wa viwango tofauti halihitaji zaidi ya hapo, kwa sababu kila mmoja anapima dakika yake mwenyewe na hakuna wa kumsubiri mwenzake.

Kosa langu jingine lilijitokeza Moshi, kwenye nusu marathoni ya Kilimanjaro. Njia yake inapanda kuelekea Mweka, halafu inateremka kurudi mjini. Mimi vilimani nilikuwa nawapandisha mbio na kuwashusha kwa kutembea, nikiita kushuka "mapumziko". Basi walipanda vizuri mno. Kwenye mteremko mapaja yakagoma, maana kushuka ni kufunga breki kila hatua, na misuli yao haikuwahi kufundishwa kazi hiyo. Niliwaona wakipitwa na watu waliowaacha mbali kule juu. Msimu uliofuata tulianza kushuka mbio: mara mbili kwanza, baadaye nne, baadaye sita, kwenye udongo na si lami, na si kila wiki. Mara ya kwanza walishindwa kukaa vizuri kwa siku mbili. Mara ya tatu hakuna aliyelalamika. Wiki mbili za mwisho kabla ya mashindano hatushuki kabisa.

Siku hizi ukurasa wa Jumatano kwenye daftari ni mrefu kuliko wa Jumanne: nani alisimulia, nani alikata pumzi, nani alilala vibaya. Kijana mmoja amegundua ujanja. Ikikaribia dakika ya 27 anapunguza mwendo, karibu kutembea, ili tukigeuka awe mbele na aongoze msafara mpaka nyumbani. Anadhani sijamwona. Nimemnyamazia, kwa sababu ndiye pekee asiyeumia msimu huu.