Leo wameunguza betri darasani

Kidato cha pili leo wameunguza betri na sikumwadhibu mtu.

Maabara yetu ina ammita (kipima mkondo wa umeme) moja, na sindano yake iligoma tangu mwaka jana. Kwa hiyo Sheria ya Ohm (mkondo ni volti gawanya kwa ukinzani) nimekuwa nikiifundisha kwa chaki: chora, kokotoa, nakili. Jana usiku nikatumia bando langu (langu, si la shule, tuelewane) kupakua programu ya saketi ya PhET, mradi wa Chuo Kikuu cha Colorado Boulder ulioanzishwa mwaka 2002 na Carl Wieman, mshindi wa Nobeli ya fizikia. Ni bure, na ukishaipakua haidai intaneti.

Tukaunga betri ya volti 9 na kikinzani cha omu 10. Ammita ikasoma ampea 0.90. Nikauliza, tukiongeza betri ya pili ya volti 9, zikifuatana kwa mfululizo, je? Nusu ya darasa ikasema mkondo hautabadilika. Ikasoma 1.80. Kelele!

Kijana mmoja wa nyuma, ambaye mwaka mzima sijasikia sauti yake, akaomba kujaribu. Akaunga waya moja kwa moja kwenye ncha mbili za betri. Moto ukawaka kwenye skrini. "Mwalimu, hii ndiyo shoti ya nyumbani kwetu!"

Hapo umeme ukakatika, projekta ikazima. Wakajazana kwenye laptopu yangu hadi mwalimu wa Kiswahili akaja kudai kipindi chake. Bado ananidai dakika kumi.