Ngapi, madam?

Jumanne jioni, mazoezi ya timu yetu ya netiboli ya chuo, ninayoisimamia, yameisha, nakusanya bibu (vile vizibao vyenye herufi za nafasi). GA wetu (Goal Attack, mfungaji; yule niliyewahi kuposti habari za raba zake zilizochanika) amekaa juu ya mpira, anabandua plasta kwenye kidole cha shahada, taratibu, kama anamenya kitunguu. Wala hakuinua macho.

"Madam, samahani. Wewe ulimaliza na ngapi?"

"Ngapi nini?"

"GPA."

Wastani wa alama zangu za chuo, yaani. Nikasema, "Enzi zetu bwana, maksi zilikuwa ngumu." Nikacheka. Yeye hakucheka. Akasema, "Sawa madam," akanikabidhi mpira, akaenda zake hosteli.

Ni hivyo tu. Lakini tangu siku hiyo "sawa madam" yake haijanitoka masikioni. Tumemuaga mdogo wangu kwenye send-off (imepita salama, gauni lilitosha, picha baadaye), ofisi yetu imehamishiwa chumba cha nyuma ya stoo, na mimi bado niko pale uwanjani na bibu mkononi natafuta jibu. Nimeshaandaa sita. Moja lina hadi Mtume Paulo na mbio zake.

Najua swali lilikotoka. Tulipokuwa kwenye mashindano ya vyuo, GA alikosa Test 2 ya takwimu. Kwetu coursework (kazi na test za muhula) ni 40 na UE, mtihani wa mwisho, ni 60, na test ile peke yake ni 15 kati ya hizo 40. Tuliporudi nikamwandikia barua ya kumwombea ruhusa, nikaipiga muhuri, nikaipeleka kwa mhadhiri mwenyewe. Aliisoma amesimama mlangoni, funguo mkononi.

"Hii umeandika lini?"

Tarehe si ipo juu pale! Siku mbili baada ya kurudi.

"Mama, ruhusa huombwa. Hii ni taarifa."

Akafunga mlango. Nilimsema moyoni mpaka kituo cha daladala, na kwenye daladala nikaendelea.

Jumatano usiku ndipo hasira ikaniishia, na ikaishia vibaya. Tarehe za safari nilikuwa nazo wiki tatu kabla. Nilikuwa na orodha ya wachezaji 12, saizi za raba zao, nani hali dagaa, nani goti lake linauma mvua ikikaribia. Ratiba ya test sikuwa nayo hata moja. Sijawahi kuiomba, miaka yote hii. Yule mhadhiri ana roho ngumu, sifuti neno, ila kwa hilo la tarehe alinipata.

Badala ya ratiba huwa nawapa hotuba. Nimeirithi kwa baba yangu, na ni ile ile ya mwanariadha wetu Suleiman Nyambui: alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, akaenda kusoma chuo kule El Paso, Texas, na akiwa bado mwanafunzi akachukua medali ya fedha ya mita 5,000 kwenye Olimpiki ya Moscow, 1980. GA ameisikia mara tatu. Ninachoruka kila mara ni kwamba kule chuo kilimtaka kwa sababu anakimbia. Huyu wangu anacheza kwa boom, pesa ya mkopo wa wanafunzi, 10,000 kwa siku, humo humo kula na kulala, na akikosa test hakuna anayemjua.

Haya, namba yenyewe. 2.6. Lower second (daraja la pili la chini) inaanzia 2.7, na masters wanataka hiyo hiyo 2.7. Mwaka wa tatu nilicheza WA (Wing Attack), nikasafiri na timu mara mbili, nikarudi na kikombe kimoja na sapu mbili, yaani mitihani miwili ya kurudia. Kochi wetu alinipigia makofi mbele ya bweni zima. Wa kuniuliza habari ya sapu hakuwepo. Ndiyo maana hadi leo nipo hapa nahesabu bibu, na waliokuwa benchi wakati mimi nacheza ni wahadhiri.

Alhamisi, saa nne usiku, nikamtumia: "2.6. Nilikuwa na sapu mbili, nilikuwa safarini na timu. Juzi nilikukwepa."

Tiki za bluu. Kimya. Nikaosha vyombo vyote, na sufuria ambazo hazikuwa chafu.

Simu ikalia: "Pole madam. Mimi nina 3.2."

Nilicheka peke yangu jikoni mpaka nikashika sinki. Miezi yote namhubiria mtu aliyeniacha mbali! Kabla sijakaa vizuri ikaingia picha, imepigwa kombo, karatasi ya daftari: tarehe za test za timu nzima, kila mtu kwa mwandiko wake, na senta kaandika hadi na chumba. Mbili zinagongana na mechi zetu za kirafiki. Leo asubuhi nimepiga simu kusogeza. Chuo kimoja wamekubali, wa pili hawapokei. Test ya takwimu bado ni sifuri. Jumatatu nitarudi kwa yule mhadhiri bila barua, sijui hata nitaanzia wapi.

Halafu nyumbani kuna LUKU, umeme wa kulipia kabla. Nimeweka ya elfu kumi Jumapili, leo Ijumaa mita inalia. Ama friji linakula umeme, ama mpangaji mpya wa chumba cha uani kanunua jiko la koili na hasemi. Friji nimelizima tangu saa mbili. Mita bado inahesabu.