Kutoka "mmekosea" hadi "nimekwama": siku yangu moja darasani Kigoma

Saa 11:30 alfajiri

Kigoma jua huchelewa. Mdogo wangu aliyeko Dar es Salaam akinipigia saa 12 asubuhi ananiambia kumekucha, huku mimi bado nimewasha taa. Nyumba ninayopanga iko mteremkoni, na kutoka kibarazani naona taa za wavuvi upande wa Kibirizi, chache kuliko wiki iliyopita.

Nimekaa na mkasi na rundo la karatasi za mtihani wa zamani, zile ambazo upande mmoja ni mweupe. Nazikata vipande vya ukubwa wa kiganja. Leo Kidato cha Pili makundi 3 yanawasilisha kazi ya rejesta, yaani lugha ya watu wa kazi au mahali fulani. Kila kundi litasikilizwa na wenzao 48, na kila msikilizaji ataliandikia kundi maoni yake kwenye kipande kimoja, kwa hiyo nahitaji vipande 144. Nimezoea kuvihesabu mara mbili, maana mtoto anayekosa karatasi ndiye huanza kuongea na jirani yake.

Saa 1:10 asubuhi

Mstarini. Mwalimu wa zamu anakagua sare, mimi nawatafuta viongozi wa makundi kuhakikisha karatasi za manila hazijasahaulika nyumbani. Zote zipo. Moja ina doa la mawese pembeni, nami nalipenda, kwa sababu kundi hilo lilikwenda kweli kukaa na akina mama wauza mawese sokoni Mwanga.

Saa 2:40 asubuhi

Vipindi viwili mfululizo, dakika 80. Kazi niliyowapa ilikuwa hivi: nendeni mahali watu wanapofanya kazi, sikilizeni wanavyosema, andikeni mazungumzo mafupi, kisha elezeni kwa nini pale wanasema hivyo na si vinginevyo. Kundi la pili lilikwenda stesheni ya reli, la saba likaenda kwa wauza mawese, la nne mwaloni Kibirizi, pale wavuvi wanaposhusha samaki.

Kabla ya kuanza naandika ubaoni viambishi viwili tu: m- na ni-. Darasa hili linajua maana yake, ila wewe msomaji nikueleze.

Mwaka wa kwanza nilipojaribu kuwapa wanafunzi nafasi ya kutathmini kazi za wenzao, nilikuwa shule nyingine. Niliwaambia tu "toeni maoni", nikakaa nyuma ya darasa. Nusu wakasema "kazi nzuri, hongereni", wakakaa. Nusu nyingine wakaponda. Kijana mmoja aliyetoka kijijini aliwasilisha kwa lafudhi nzito ya Kiha, na maoni ya kwanza aliyoyapata yalikuwa juu ya ulimi wake. Darasa likacheka. Muhula mzima uliobaki hakusimama tena mbele ya watu, hata nilipombembeleza. Jambo lile lilitokea mikononi mwangu na linaniuma mpaka leo.

Baada ya hapo nikawa naandika daftarini kila sentensi wanayoambiana. Mimi ni mwalimu wa Kiswahili, macho yangu huenda kwenye viambishi. Nikaona karibu zote zinaanza na m-: mmekosea, mmechanganya, mmerudia, mmekopi. Mtu akiambiwa m- ya namna hiyo mbele ya darasa, moyo unajikunja, anatafuta la kujitetea. Nikawaomba waanze na ni-. Nimekwama. Sijaelewa. Nilitamani kusikia zaidi. "Mmechanganya" ikawa "nimechanganyikiwa mlipofika aya ya pili". Kosa ni lile lile, ila sasa lina mahali pake, na mwenye kazi anaweza kwenda aya ya pili akaangalia kulikoni. Na hakuna anayeweza kukubishia kwamba hukukwama, kwa kuwa wewe ndiye uliyekwama.

Sharti la pili ni kutaja mstari. "Nzuri" peke yake siipokei. Uzuri nao una mahali.

Kundi la pili linaanza. Wameeleza kwamba reli ilifika Kigoma mwaka 1914, wameorodhesha behewa, daraja la tatu, mzigo wa mkononi. Maoni yanakuja kwa utulivu. Msichana mmoja anasema, "Nimesikia maneno mengi ya stesheni lakini sijasikia watu wakiongea. Nilitamani kumsikia abiria na mkata tiketi." Wenye kazi wanatazamana. Wao wenyewe walijua: mazungumzo waliyatunga nyumbani usiku.

Wauza mawese walipita haraka na vizuri.

Kisha kundi la nne. Manila yao imeandikwa kwa kalamu ya maki ya bluu, na chini wamechora mtumbwi wenye taa. Utangulizi wao ulikuwa na mambo mawili yasiyo sahihi. Waliandika kuwa Ziwa Tanganyika ndilo lenye kina kirefu kuliko yote duniani, na kwamba mwaka 2024 uvuvi ulisimamishwa miezi miwili. Mvulana ambaye baba yake ni mvuvi alinyoosha mkono, akasimama, akaanza, "Nimesikia... nimeona kama..." akashindwa kuendelea. Nikamwambia sema tu, baba. Akasema, "Mstari wa tatu. Ni miezi mitatu. Tarehe 15 Mei mpaka 15 Agosti. Sisi nyumbani tuliihesabu." Mwingine akaongeza kwamba kwa kina ziwa letu ni la pili, la kwanza ni Baikal, Urusi, sisi ni wa kwanza Afrika.

Hapo nikajifunza jambo ambalo sikuwa nimeliweka sawa. Ile ni- niliyowafundisha haifai kila mahali. Tarehe au takwimu isiyo sahihi haihitaji kuzungukwa kwa upole. Itajwe, ionyeshwe ilipo, basi. Mtoto yule alikuwa anahangaika kutafuta hisia mahali palipohitaji tarehe, na aliyemhangaisha ni mimi. Nikasema mbele ya darasa kwamba kanuni yangu ilikuwa na pengo, tukaliziba palepale.

Halafu yakaja mazungumzo yao ya mwaloni:

*Mchuuzi: Leo mzigo upo?*
*Mvuvi: Upo, lakini chukua wa kutosha. Mwezi unakuja.*

Binti mmoja wa benchi la mbele, aliyehamia huku na wazazi wake kutoka Tabora mwaka huu, akasimama. "Nimekwama kwenye mstari wa pili. Mwezi gani unakuja?"

Nyuma wakacheka. Kiongozi wa kundi akajibu, "Hata mtoto mdogo anajua." Binti akaketi, akainamia daftari lake.

Nilihisi baridi tumboni, ile ya miaka ile. Nikauliza darasa zima: nani mwingine hakuelewa mstari ule? Mikono haikupanda. Nikangoja. Nikahesabu moyoni mpaka kumi. Mkono mmoja, miwili, kisha ikawa 11. Kumi na moja, katika mji huu, mbele ya ziwa hili! Wengine wamezaliwa Ujiji lakini nyumbani kwao hakuna mvuvi. Kiongozi wa kundi akaitazama ile mikono, uso ukabadilika. Hakuwa na kiburi yule kijana. Alikuwa hajawahi kufikiri kwamba lugha ya baba yake ni lugha ya watu maalumu. Na hiyo ndiyo maana ya rejesta niliyokuwa nimeiandika ubaoni wiki mbili bila kumwingia mtu yeyote kichwani, mpaka swali la yule binti.

Nikawaambia kundi la nne wasijibu sasa. Wachukue vipande vyao 48, wakavisome pamoja.

Saa 4:00 asubuhi

Chai na maandazi ofisini. Mwalimu mwenzangu, kaka yangu kwa umri, aliyapita madirisha yetu akasikia kelele. "Dada, mtihani wa taifa hauwaulizi maoni ya wenzao. Silabasi itakuacha."

Namheshimu, na ana hoja: makundi 3 yamekula dakika 80, na yamebaki 6. Lakini nilimjibu ninachokiamini. Mtihani unawataka wahakiki shairi, waeleze ubeti gani umemgusa msomaji na kwa njia gani. Mtoto ambaye hajawahi kumwambia rafiki yake ana kwa ana ni mstari upi uliomkwamisha, atamwambia nini mshairi asiyemjua? Ataandika "mshairi amefaulu kwa kiasi kikubwa", kwa sababu ndivyo alivyokariri. Kaka akanyamaza, akaniongezea chai. Sijui kama nimemshawishi, ila aliniomba vile vipande avione.

Saa 4:30 asubuhi hadi saa 8:00 mchana

Kidato cha Kwanza ngeli za nomino, Kidato cha Tatu uandishi wa insha. Kusahihisha. Ugali na maharage.

Saa 8:30 mchana

Saa ninayoipigania kuliko zote. Makundi yaliyowasilisha yanabaki dakika 40 kurekebisha kazi. Zamani nilikuwa naruka hatua hii kwa kubanwa na ratiba, na sasa naona nilikuwa nawaonea. Mtoto anaambiwa kasoro zake mbele ya watu, kisha kazi inakunjwa na kuwekwa kabatini, anakwenda nyumbani na kasoro zake.

Kundi la pili wameamua kurudi stesheni siku ya treni, safari hii wakae kimya wasikilize.

Kundi la nne wamevitandaza vipande mezani kama karata. Wanavipanga: vinavyosema jambo moja vinawekwa pamoja. Rundo la "mwezi" ni refu kuliko mengine, kwa sababu waliokaa kimya darasani waliandika. Nasimama mbali kidogo. Kiongozi anasema, "Tuweke maelezo chini." Mwenzake anakataa: "Chini hakuna atakayesoma. Tuanze nayo." Wanabishana vizuri. Baada ya nusu saa aya yao ya kwanza inasomeka hivi:

*Mvuvi akisema mwezi unakuja, hasemi Februari. Anasema siku za giza zinaisha. Mwezi ukiwaka, ziwa lote linakuwa jeupe, taa hazina nguvu tena ya kuwakusanya dagaa, na wavuvi wanapumzika mpaka giza lirudi. Kwa hiyo mchuuzi akisikia neno hilo anajua bei itapanda.*

Niliisoma mara mbili. Kina cha ziwa wamekiondoa kabisa, walisema hakiwasaidii. Ile tarehe ya mwaka 2024 wameirekebisha na kuisogeza, sasa inaeleza kwa nini neno "kufungwa" mwaloni lina maana yake. Kabla hawajaondoka, kiongozi alimfuata yule binti kwenye bomba la maji nje. Sikusikia walichosemezana.

Saa 11:00 jioni

Nimeshuka Kibirizi kwa bajaji kununua dagaa. Chanja nyingi za kuanikia dagaa ziko tupu. Mama ninayenunua kwake kila wiki ananipimia, anaongeza konzi moja. "Mwalimu wangu, beba za kutosha. Mwezi huo."

Nikamwambia neno lake limesomwa darasani leo, tena limekaa mstari wa kwanza. Akacheka kwa furaha, akataka kujua aliyeliandika ni mtoto wa nani.

Saa 2:30 usiku

Jua limezama nyuma ya milima ya Kongo karibu saa 1, sasa mbalamwezi imetanda. Nimemaliza kusoma vipande 144. Katikati ya vile vya kundi la nne kuna kimoja ambacho hakikuandikwa kwa ajili yao. Mwandiko mdogo, wa penseli:

*Mwalimu, nimefurahi ulipouliza nani mwingine hakuelewa. Lakini kabla mikono haijapanda, nilikuwa peke yangu na watu wote wananiangalia. Niliogopa sana. Nilitamani tungeandika kwanza.*

Ameanza na ni-, ametaja mahali, ameniambia alichotamani. Nikakisoma tena na tena. Zile sekunde kumi nilizohesabu kwa utulivu, yeye alizihesabu kwa namna nyingine.

Nimefungua andalio la somo la kesho, ambalo lilikuwa limeandikwa "wasilisho, maoni ya mdomo, vipande". Nimekata, nimeandika upya: wasilisho, dakika 5 za kimya za kuandika, ndipo midomo. Chini ya kipande chake nimeandika "Asante, nimeona. Kesho tunaanza na kuandika," nikakiweka ndani ya daftari lake la mazoezi, lile la juu kabisa katika rundo nitakalolirudisha asubuhi.