Tishu na mate: nilivyompata skipa wa Madagaska

Mtu akikuambia kipepeo aitwaye skipa anavutwa kwa ndizi mbovu, mwache aongee, kisha ondoka. Mimi nilisikiliza, nikalipia.

Niliyekuwa namtaka ni Malaza. Skipa huyo yuko Madagaska tu, ana spishi tatu, na wataalamu wamempa nusufamilia, yaani tawi la familia ya skipa, lake peke yake. Nilikuwa nimeona picha za vielelezo vya makumbusho, mabawa yamekakamaa kwenye pini. Nikajiapiza mimi nitampiga picha akiwa hai.

Kufika Andasibe si kazi, ni kama kilomita 140 mashariki ya Antananarivo. Hifadhini lazima uchukue kiongozi. Ariari, pesa za huko, zilikuwa zinatoka tu, sikuzihesabu. Wavu niliuacha nyumbani, maana kukamata kunataka kibali.

Sasa ndizi. Rafiki yangu, mpiga picha wa siku nyingi, alisema: “Zioze, mimina bia, watakuja wenyewe.” Nilizibeba siku mbili, gari zima likanijua. Na kweli walikuja: sisimizi, nyigu, nzi, na vipepeo wakubwa aina ya Charaxes waliolewa mpaka ungeweza kuwagusa. Skipa hata wa dawa! Kesho yake nikamwona mmoja, nikamkimbiza. Skipa haelei hewani kama vipepeo wengine, anachomoka. Nikajikwaa kwenye mzizi, kamera kifuani, uso topeni. Indri, wale lemuri wakubwa, wakaanza kulia juu ya miti, na hakuna atakayenishawishi kwamba hawakuwa wananicheka.

Kiongozi akaniomba karatasi ya chooni. Nikampa, nikageukia pembeni kwa adabu. Kumbe! Alichana kipande kama ukucha, akakilowesha kwa mate, akakibandika juu ya jani. Kinyesi cha ndege kabisa. Skipa wengi hufuata kinyesi hicho kwa ajili ya chumvi na nitrojeni. Tukabandika ishirini kando ya njia, mpaka mdomo ukanikauka. Kunyweni maji kwanza, na msitumie tishu za manukato.

Hatukungoja sana. Alitua mmoja wa kahawia, mnene kama nondo, ncha za papasi zimepinda kama ndoana. Akazungukazunguka kwenye karatasi, akakunja tumbo chini yake, akadondosha tone la maji, kisha akakunjua mrija na kulifyonza. Analowesha chakula chake mwenyewe! Nilisahau kubonyeza. Bahati nzuri alirudia, mara nne au tano, nami nimelala kifudifudi pale pale penye tope la jana.

Hakuwa Malaza. Alikuwa Fulda, skipa wa aina nyingine, naye wa huko huko Madagaska, nami sikuwa na malalamiko. Nimemtumia picha yule bwana wa ndizi, hajajibu.

Karatasi zenu okoteni. Sisi tuliokota kumi na tisa, ya ishirini tukaisubiri, mwenyewe alikuwa bado hajamaliza.